Soseji ya Mirandela kwa Kuku wa Shelui

Barabara itokayo Singida kwenda Mwanza huteremka mlima Sekenke, ikapita Shelui kabla ya kukata tambarare ya Wembere kuelekea Igunga. Shelui ipo wilayani Iramba, ndani ya mkoa unaosifika kwa vitu vitatu vya jikoni: kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti na vitunguu. Ukiongeza mkate na vitunguu saumu, umeshakaribia kukamilisha mahitaji ya soseji moja mashuhuri ya Ureno. Soseji hiyo huitwa alheira, na asili yake haidai nguruwe.

Jina linatokana na alho, kitunguu saumu kwa Kireno. Kwao ni Trás-os-Montes, kaskazini-mashariki mwa Ureno, na mji unaotajwa nayo zaidi ni Mirandela. Mwaka 2011 alheira ya Mirandela ilichaguliwa kuwa miongoni mwa maajabu saba ya mapishi ya nchi hiyo.

Simulizi ya kuzaliwa kwake ina werevu wa sungura. Mwishoni mwa 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru Wayahudi waondoke Ureno, na mwaka uliofuata wengi wakabatizwa kwa nguvu. Vijijini, kila nyumba ilining'iniza soseji za nguruwe juu ya moto ili zikauke kwa moshi. Nyumba isiyo nazo ilijichongea yenyewe. Walioendelea kushika dini yao kwa siri, inasimuliwa, wakajaza utumbo kwa kuku, ndege wa porini na mkate, wakatundika kama majirani. Wapo wanaoishuku hadithi hiyo na kuona tu busara ya wakulima wasiotaka kutupa mkate mkavu. Siku hizi, kwa vyovyote, alheira nyingi za dukani zina nguruwe ndani, na asiyemla hana budi kuuliza kwanza.

Manuel huyohuyo ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Wareno waliiachia lugha ya Kiswahili meza, mvinyo, bendera na leso. Soseji zao hazikupata nafasi mezani, kwa kuwa pwani ilikuwa ya Waislamu. Ajabu ni kwamba soseji iliyoweza kukubalika pwani ilikuwa ikitundikwa hukohuko kwao.

Sasa jikoni. Soseji ya kawaida husimama juu ya mafuta ya nguruwe. Nyama ikisagwa na chumvi hutoa utando wa protini unaoshika vipande pamoja, na mafuta huilinda isikauke. Kuku hana mafuta hayo, na kuku wa kienyeji aliyezoea kukimbizana na mwewe anayo machache zaidi. Ukimsaga na kumkaanga ndani ya utumbo utapata kitu kigumu kama kamba ya katani.

Alheira hulitatua tatizo hilo kwa mkate. Mchuzi wa moto ukimwagiwa mkate mkavu, wanga huvimba na kuwa uji mzito unaonasa maji na mafuta kwa pamoja. Nyama hubaki katika nyuzi ndogo ndani ya uji huo, na haina kazi ya kushikilia kitu chochote. Kwa hiyo haisagwi. Huchemshwa hadi iachane na mfupa, kisha huchambuliwa kwa vidole.

Hapo ndipo jogoo mzee wa Shelui anapomshinda kuku wa kisasa. Miguu, shingo na mifupa yake ikichemshwa kwa saa 3 au zaidi hutoa jelatini nyingi. Namna ya kupima ni rahisi: tia kijiko cha mchuzi kwenye kisahani, uache upoe. Ukiganda na kutetemeka, uko tayari; ukibaki maji, urudi motoni. Jelatini hiyo ndiyo itakayoifanya soseji ikatike vizuri ikipoa, na kulainika tena ikipashwa.

Kwa gramu 500 za nyama iliyochambuliwa, mkate wa gramu 400 hadi 500 unatosha. Uwe wa siku mbili na usiwe mtamu. Mikate mingi ya madukani ina sukari, na sukari huungua kabla soseji haijaiva. Jua la Shelui litaukausha mkate kwa nusu siku. Mchuzi uanze na vikombe vitatu, uongezwe kidogokidogo hadi mchanganyiko uwe mzito kuliko uji na laini kuliko ugali.

Kichwa kizima cha kitunguu saumu hupondwa na kupikwa taratibu katika nusu kikombe cha mafuta, bila kugeuka rangi. Wareno hutumia mafuta ya zeituni. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine za mitaani, yasiyosafishwa kiwandani, yana harufu yake na hufaa kuliko yale meupe yasiyo na ladha. Rangi nyekundu hutoka kwa pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa na kusagwa. Wanaopenda ukali huongeza piri-piri, neno ambalo Wareno wenyewe walilichukua Afrika.

Utumbo mwembamba wa ng'ombe hupatikana machinjioni. Hugeuzwa nje ndani, hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu, husuguliwa kwa chumvi na ndimu, kisha huoshwa hadi harufu iishe. Shingo ya chupa ya maji iliyokatwa hutosha kuwa mrija wa kujazia. Kosa la kawaida ni kushindilia. Wanga haujamaliza kuvimba, kwa hiyo robo ya nafasi iachwe tupu, ncha mbili zifungwe kwa uzi wa pamba na kukutanishwa kama kwato ya farasi.

Hatua inayofuata haifai kuigwa kama ilivyo. Kwa desturi, Trás-os-Montes walitundika alheira wakati wa baridi, moshi wa mwaloni ukikausha polepole na hewa ya nje ikifanya kazi ya friji. Shelui haina baridi hiyo. Mkate wenye maji, kitunguu saumu kilicho ndani ya mafuta, utumbo usiopitisha hewa ya kutosha na joto la mchana ni mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulisimu, ambao sumu yao hupoozesha misuli na inaweza kuua. Hata Ureno haikusalimika: mwaka 2015 watu kadhaa waliugua botulisimu, na alheira ndizo zilizohusishwa.

Basi mpishi wa Shelui aachane na kutundika. Soseji zichemshwe mara tu baada ya kufungwa, kwa takriban dakika 30, katika maji yanayotetemeka bila kububujika. Zitobolewe kwa sindano kwanza, la sivyo mvuke utazipasua. Zitakazoliwa siku hiyo ziendelee na safari, zilizobaki ziingie kwenye friza. Kinachopotea ni harufu ya moshi, na hiyo hurudi kiasi kwa kuziweka dakika chache juu ya mkaa uliotupiwa vipande vya kuni kavu.

Kukaanga kunataka subira. Kikaango huanza kikiwa baridi, mafuta kijiko kimoja, moto mdogo, na soseji hugeuzwa mara moja tu. Ganda likishika rangi ya kahawia ndani huwa laini kama siagi. Migahawa ya Ureno huipakua na chipsi, yai la kukaanga na majani machungu ya jamii ya tanipu. Mla chipsi mayai atashangaa kuona yai limewekwa peke yake, kiini kikiwa laini ili kitumike kama mchuzi. Kwa mboga, mnavu unakaribia uchungu huo kuliko mchicha.

Ikipasuka, hakuna kilichoharibika. Wareno wengi huitoa nyama kwenye ganda makusudi na kuivuruga na mayai kikaangoni. Shelui itaweza kuifinyanga kama katlesi, ikachovywa kwenye yai na kukaangwa tena, na hapo utumbo unabaki kuwa mgao wa paka.