Draiva na Viraka vya Usalama: Jinsi Windows Ilivyotenganisha Njia Mbili

Katika kompyuta inayotumia Windows, masasisho ya usalama na masasisho ya draiva hupitia mlango mmoja, yaani huduma ya Windows Update, ingawa chimbuko lake ni tofauti na madhara yake yanapokosewa hayafanani. Sasisho la usalama, ambalo mafundi hupenda kuliita kiraka, huandikwa na Microsoft yenyewe ili kuziba tundu ambalo mdukuzi angeweza kupenya, na tangu Oktoba 2003 viraka hivyo vimekuwa vikitolewa kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Draiva, kwa upande wake, ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa fulani, iwe printa, kadi ya sauti au kadi ya mtandao, ikigeuza amri za jumla za mfumo kuwa ishara ambazo kifaa hicho kinazielewa. Kwa kawaida huandikwa na mtengenezaji wa kifaa, nayo haifungwi na ratiba hiyo ya Jumanne.

Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuikinga sehemu moja na makosa ya nyingine, hivyo kosa moja la draiva huweza kuiangusha kompyuta nzima na kumwachia mtumiaji ile skrini ya buluu. Viraka vya usalama navyo huharibika, na imewahi kutokea zaidi ya mara moja, lakini kiraka kibovu hupiga mashine nyingi kwa siku moja, kelele zikasikika kila mahali na dawa ikatafutwa haraka, ilhali draiva mbovu huweza kuwasumbua wenye modeli moja tu ya laptopu, ambao kilio chao huchukua muda mrefu kufika panapohusika. Hapo ndipo ilipo hoja ya kutenganisha: kuchelewesha kiraka ni kumwachia mdukuzi mlango wazi, bali kuchelewesha draiva ya kifaa kinachofanya kazi vizuri, mara nyingi, hakumpunguzii mtu chochote.

Hoja hiyo ilipata nguvu kutokana na kisa cha chipu za FTDI, kampuni ya Uskoti inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa vya mawasiliano ya mfululizo (serial), yaani vile vinavyotuma data biti moja baada ya nyingine, na mlango wa USB. Chipu yake iitwayo FT232 ilikuwa imeenea katika nyaya za kupangia mitambo na bodi za wanafunzi wa elektroniki, na kwa kuwa ilipendwa sana, iliigwa sana. Oktoba 2014 ilibainika kwamba draiva mpya ya kampuni hiyo, iliyokuwa ikisambazwa kupitia Windows Update, ilikuwa ikiziandikia chipu bandia namba mpya ya utambulisho: mahali palipokuwa na 6001, namba inayoujulisha mfumo kifaa ni cha aina gani, paliwekwa sifuri tupu. Amri hizo zilipangwa kwa namna ambayo chipu halisi haikudhurika. Namba hiyo ilikaa katika kumbukumbu ya chipu yenyewe, si katika kompyuta, kwa hiyo kuifuta draiva hakukusaidia, na kukichomeka kifaa katika mashine nyingine hakukusaidia vilevile. Mwenye kifaa, ambaye huenda hakujua kabisa kwamba ndani yake mna chipu ya kuiga, alikuwa ameruhusu tu masasisho ya kawaida. Draiva hiyo iliondolewa mwezi huohuo baada ya malalamiko, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka kwa mafundi: mlango ulioaminiwa kwa ajili ya usalama ulikuwa umepitisha ugomvi wa kibiashara.

Badala ya kulegeza, Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015 ilikaza zaidi, kwa kuwa watumiaji wa toleo la nyumbani walinyimwa uwezo wa kukataa masasisho, draiva zikiwamo. Punde baadhi ya wenye kadi za michoro za Nvidia wakajikuta katikati ya wasasishaji wawili, Windows Update ikileta toleo moja la draiva na programu ya Nvidia ikileta jingine, na Microsoft ikalazimika kutoa kijiprogramu cha kuficha sasisho lisilotakiwa. Ilikuwa dawa ya kupaka juu ya jeraha.

Utenganisho wenyewe ulikuja katika toleo 1607, lililotolewa Agosti 2016. Ndani yake mliwekwa sera, yaani kanuni ambayo msimamizi huiweka mara moja na mashine zote zilizo chini yake huifuata, inayoiamuru Windows Update isilete draiva pamoja na masasisho mengine. Sera hiyo ikiwashwa, rejesta ya mfumo, ambayo ni hifadhi ya mipangilio yake, huandikwa thamani iitwayo ExcludeWUDriversInQualityUpdate na kupewa namba 1, na viraka huendelea kuingia kama kawaida. Ofisi zinazotumia seva ya WSUS, ambayo hupokea masasisho na kuyagawa ndani ya taasisi, hupata matokeo hayohayo kwa kutolitia alama kundi la draiva. Kwa mtumiaji wa kawaida nafuu ilifika mwaka 2020, pale draiva nyingi zisizo za lazima zilipohamishiwa katika ukurasa wa masasisho ya hiari, zikisubiri kuchaguliwa kwa mkono.

Hata hivyo, kutenga si kutelekeza, na hapa ndipo wasimamizi wengi hukosea. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba draiva ya Dell iitwayo dbutil_2_3.sys, iliyokuwa ikisambazwa tangu 2009, ilikuwa na udhaifu uliomwezesha mtumiaji wa ngazi ya chini kujipatia mamlaka ya kerneli. Draiva ya aina hiyo ni tundu la usalama kamili, na anayefunga njia ya draiva bila kuweka nyingine hulifungia tundu hilo ndani. Microsoft yenyewe ilikiri jambo hilo kwa vitendo, kwani kuanzia sasisho la Windows 11 la mwaka 2022 orodha ya draiva hatari zinazozuiwa huwa imewashwa tangu mwanzo, na orodha hiyo husafiri kwa njia ya masasisho ya mfumo.

Kwa hiyo msimamizi aliyetenganisha njia hizi hana budi kushika zamu ya draiva yeye mwenyewe: kuhifadhi zilizopo kwa amri ya pnputil /export-driver kabla ya kubadilisha chochote, kujaribu mpya katika mashine moja ya kila modeli, na kufuatilia matangazo ya usalama ya watengenezaji. Ofisi isiyo na mtu wa kuifanya kazi hiyo ni heri iiache sera hiyo ikiwa imezimwa.