Vidole Viwili na Riziki ya Mwenda Jean Bosco

Wengi walitajao jina la mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville mwaka 1949, humsifu kwa vidole vyake, nao wana haki. Bali kwa upande wa hesabu, yaani namna vidole hivyo vilivyomlisha, naona havijachunguzwa ipasavyo.

Tuanze na ufundi, kwa kuwa ndio uliokuwa rasilmali. Bosco alilipiga gitaa lake kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika nyuzi nene za chini na shahada ikifuata sauti ya juu, hata msikilizaji asiyemwona akadhani wamekaa wapigaji wawili. Na katika "Masanga", wimbo uliopata tuzo ya Osborn mwanzoni mwa miaka ya 1950, mbinu hiyo ilifikia ukamilifu wake. Faida yake kwa mfuko ni dhahiri: mtu aliyebeba bendi nzima mikononi mwake hana wa kugawana naye ujira, hana ngoma za kusafirisha, wala hamngoji mwenziwe aliyeugua, na popote aitwapo, gharama ya kumleta ni nauli ya mtu mmoja.

Santuri, kinyume cha wadhanivyo wengi, hazikuwa chemchemi kubwa. Kampuni ya Gallotone ya Afrika ya Kusini ilizitoa sahani zake, nazo zikavuka mipaka mingi, lakini zama zile msanii wa Kiafrika aghalabu alilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, na mauzo yaliyofuata yakawa ya mwenye mashine; kwa hiyo santuri ilimtangaza zaidi kuliko ilivyomlipa. Busara ya Bosco ilikuwa kulifuata jina lake kule lilikokwisha kutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akaitangaza redioni dawa ya Aspro, na hivyo kidonge cha maumivu ya kichwa kikamlipa mpiga gitaa. Nao vijana wa Kenya waliomsikiliza wakajichumia mitindo yake bila ya kutoa hata senti moja. Jina lilo hilo ndilo lililomfikisha kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969.

Na pembeni mwa hayo palikuwa na mshahara, kwani alipata kufanya kazi benki na katika kampuni ya migodi, akasimamia bendi za wengine, kisha akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wapo watakaosema kwamba huo ni ushahidi wa sanaa kushindwa kumlea mwanawe. Mimi sikubaliani nao: mpigaji asiye na chungu kingine jikoni hulazimika kuipokea bei yoyote atajiwayo, ilhali mwenye mshahara anaweza kusema la, na neno hilo moja ndilo lipandishalo ujira.

Dosari ya mpango huu, ambayo haikuwa ya Bosco bali ya zama zake, ilikuwa pale penye haki za tungo. Hapo leo pana nafuu. Basi kijana apigaye gitaa na aandikishe nyimbo zake katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA akiwa Tanzania Bara ama COSOZA akiwa Zanzibar, kabla ya kutia sahihi mkataba wa mtu yeyote.