Kijiko cha Magadi Kwenye Makande ya Kipaimara

Mliokuwa jikoni mliona. Sufuria ya makande ilikuwa na saa mbili motoni, maharage yanagoma, mahindi yanagoma zaidi, na wageni wa kipaimara wameshaanza kushuka kwenye Hiace. Mpishi akafungua kifuko cha magadi. Akachota kijiko, akakoroga, akasonya, akaongeza cha pili. Kosa lilikuwa kwenye kile cha kwanza.

Pilau lake lilikuwa safi, na nyama iliiva vizuri. Turudi kwenye kijiko.

Najua utetezi wake. Magadi huyeyusha ile gundi inayoshikanisha chembe za maharage, kuni zikaokoka na muda pia. Ni kweli, ingawa vitamini B1 nayo inateketea humo humo. Lakini hapa ni Maji ya Chai, jamani! Tunaishi chini ya volkano. Maji yanayopita kwenye miamba ya Meru hutoka na floraidi, na magadi tunayopikia huku nayo huwa yameibeba. Hapo jirani tu, Ngurdoto, wataalamu wa maji wamehangaika miaka na miaka kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, sisi tunairudisha kwa kijiko. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu 4, na hilo sijalisamehe mpaka leo.

Aliyebarikiwa siku ile meno yake yameshaota. Ninayemhofia ni mdogo wake wa miaka mitatu, aliyepakuliwa bakuli zima. Enameli ya meno yake ya kudumu inajengwa sasa, ndani ya taya. Floraidi ikizidi katika umri huo, meno hutoka na madoa ya kahawia, na ikizidi sana yanamong'onyoka. Magego ndiyo kinu cha kwanza cha chakula. Ukikiharibu kinu, tumbo litapokea punje nzima nzima.

Na kuna mate, ambayo nimeyatetea humu mara nyingi kuliko wasomaji wengine wanavyopenda. Jozi tatu kubwa za tezi huyamwaga mdomoni, yakiwa na amilesi inayokata wanga kuwa sukari. Mjerumani Leuchs alilionyesha hilo mwaka 1831, na bado naambiwa na watu wazima kwamba mmeng'enyo unaanzia tumboni. Tafuna ugali mtupu bila kumeza, uone unavyogeuka mtamu. Tonge lililotafunwa likachanganyika na mate huendelea kuvunjwa hata likishapita umio, mpaka asidi ya tumbo ilipenye. Kongosho litamalizia, sawa, ila kongosho halina meno. Makande ya magadi yanalainika yakawa uji, na uji hautafunwi. Niliwatazama mezani: vijiko vitatu, funda la soda, vijiko vitatu, funda la soda. Soda ya kusukumia chakula nimeipinga tangu zamani na sitaacha leo.

Bibi yangu kule Poli hakuwahi kuweka magadi. Mahindi aliyakoboa kwenye kinu, akayaloweka pamoja na maharage tangu jioni, kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa, maji yasiyopita kwenye mwamba wowote. Alfajiri sufuria ilikuwa mafigani na moto mdogo, wala hakuna aliyemharakisha. Punje zilikuja laini lakini nzima, zinadai magego, na aliyekula haraka alichapwa kwa jicho. Mpishi wetu alijua idadi ya wageni wiki nzima kabla. Ndoo mbili za kulowekea zilikuwepo, nimeziona kwa macho yangu, zimefunikwa nyuma ya stoo, kavu.