Pengo Lisilo Pengo: Uhakiki wa Namna Tafiti za Urahisi wa Matumizi Zinavyoshirikishwa katika Maktaba za Kidijitali

Mwaka 2002, Council on Library and Information Resources ya Marekani ilichapisha ripoti ya Denise Troll Covey kuhusu namna maktaba 24 zilivyotathmini matumizi ya huduma zao za kidijitali na urahisi wa kuzitumia. Mbinu nyingi zinazoelezwa humo sasa ni za kawaida. Kinachoifanya ripoti hiyo istahili kusomwa hata leo ni jambo lililojitokeza katika mahojiano yake: kukusanya data hakukuwa ndiko kugumu zaidi. Maktaba zilitatizika kuzichambua, kuziwasilisha na kuzifanyia kazi, na baadhi zilikusanya data ambazo hazikuwa na mpango wa kuzitumia.

Makala haya yanadai kwamba ugumu huo haumaliziki kwa kuweka ripoti wazi mtandaoni. Kinachoshirikishwa kwa kawaida ni hitimisho, ilhali anayetaka kurekebisha kiolesura huhitaji kujua mtumiaji aliombwa kufanya nini, aliandika neno gani katika kisanduku cha kutafutia, na alikwama wapi.

Hazina za vyuo vikuu zina sababu ya pekee ya kushirikiana. Nyingi zimejengwa kwa programu huria chache zilezile: EPrints, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace, iliyotolewa na maktaba za MIT pamoja na Hewlett-Packard mwaka 2002. Katika Afrika Mashariki, hazina ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilijengwa kwa DSpace, na ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa EPrints. Kasoro ya programu inayobainika katika chuo kimoja, basi, huenda ipo katika vyuo vingine vyote vinavyoitumia bila kuibadili.

Tuangalie vipimo vinavyopendwa. Kipimo cha John Brooke cha mwaka 1986, System Usability Scale, kina kauli 10 na hutoa alama kati ya 0 na 100. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha, na wepesi wake unaeleza kwa nini kinapendwa. Hata hivyo, alama 72 haimwambii mtaalamu wa programu abadilishe nini. Vivyo hivyo kuhusu idadi ya washiriki. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walikadiria mwaka 1993 kwamba mshiriki mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, na kwa hesabu hiyo washiriki 5 hufikia takribani asilimia 85. Hesabu hiyo hunukuliwa mara nyingi bila sharti lake: kazi wanazopewa washiriki ziwe na uwezo wa kuzigusa kasoro zenyewe. Kwa hazina za tasnifu za Kiswahili, sharti hilo ndilo kiini cha suala.

Kanuni ya Martin Porter ya mwaka 1980, iliyoenea sana katika utafutaji wa matini za Kiingereza, hukata miisho ya maneno ili umoja na wingi vihesabiwe kuwa neno moja. Kwa Kiingereza hilo linatosha kwa kiasi kikubwa. Katika Kiswahili ngeli hujionesha mwanzoni mwa neno. Kitendawili na vitendawili, mhusika na wahusika, jina na majina: kwa mtambo usiozijua ngeli, kila jozi ni maneno mawili yasiyo na undugu, kama meza na mvua. Mtafiti anayetafuta "kitendawili" katika anwani na ikisiri hataiona tasnifu inayotaja "vitendawili" pekee. Pale mtambo unaposoma matini kamili, hali huwa nafuu, ingawa tasnifu iliyochanganuliwa kama picha tu hubaki nje. Mtafiti huyo ataandika katika sura ya kwanza kwamba mada yake haijatafitiwa. Mtahini atafungua hazina ileile, ataandika neno lilelile, na atalikubali pengo ambalo halipo.

Sasa tuchukulie kwamba hazina hiyo inafanyiwa majaribio, na washiriki wanaombwa watafute tasnifu kuhusu fasihi simulizi. Istilahi hiyo haibadiliki kwa umoja na wingi. Washiriki wote 5 watafanikiwa, alama zitapanda, na ripoti itasema kwa ukweli kabisa kwamba utafutaji ni rahisi. Msomaji asiyeoneshwa maneno ya kazi hiyo hawezi kujua kwamba swali gumu halikuulizwa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ripoti nyingi nzuri hupoteza thamani yake: hazisemi uongo, lakini hazihakikiki.

Kasoro ya pili ni nyepesi zaidi kueleza. DSpace hupanga kazi kwa jumuiya na mikusanyo, na mara nyingi mpangilio huo hufuata idara za chuo. Msomaji anayeijua mada lakini asiyeijua idara iliyosimamia tasnifu hana pa kuanzia. Hili linajulikana kwa wakutubi wengi. Halihitaji jaribio jingine bali uamuzi.

Kushirikishana kunakofaa kungekuwa na umbo gani? Kiambatisho chenye maneno kamili ya kila kazi, orodha ya maneno waliyoyaandika washiriki, na maelezo ya mahali walipokwama, kiwekwe katika faili lake la matini badala ya kufungiwa katika PDF ya kurasa 200. Fomu ya ridhaa imweleze mshiriki tangu mwanzo kwamba kumbukumbu hizo zitawekwa wazi bila jina lake. Bila kauli hiyo mtafiti hana haki ya kuzitoa baadaye, hata akipenda. Kasoro inayohusu programu yenyewe ipelekwe pia kwa jumuiya ya waundaji wake, pamoja na jozi za maneno kama zilizotajwa hapo juu, kwa kuwa muundaji asiyejua Kiswahili anaweza kuipima programu kwa jozi hizo bila kujifunza ngeli. Watahini nao wanaweza kukidai kiambatisho hicho katika masahihisho, kama wanavyodai hojaji.