Hilo Vumbi Jekundu Limetoka Wapi, Mwalimu?

Kwanza nitoe sifa, maana jamaa kafanya kazi. Mwalimu mmoja wa fizikia hapa Bariadi ameunganisha mfano wa plastiki wa Dornier Do 27, ile ndege ya milia ya pundamilia ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia mwaka 1958 kuhesabu wanyama wa Serengeti. Kipimo ni 1:72, kwa hiyo mabawa ya mita 12 yamekuwa sentimita 17 hivi. Milia ameichora yote kwa brashi, bila stika, na mkono wake haukutetemeka hata pale milia inapopanda kwenye mkia. Anataka kuiweka darasani, na kabla ya hapo akaniomba niihakiki bila huruma. Sawa, mwalimu, umeyataka mwenyewe.

Tatizo langu ni uchakavu alioupaka. Kuna kutu kwenye mabawa, rangi imechubuka kila kona, milia imepauka, na juu ya yote kuna vumbi jekundu kama la tofali. Ukiitazama haraka inapendeza, inafanana na chombo kilichosahaulika porini miaka thelathini. Lakini ndege yenyewe, yenye usajili D-ENTE, ilifanya kazi Serengeti kwa takribani mwaka mmoja tu. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na miaka 24. Huo uzee wa miaka thelathini haikuwahi kuufikia.

Hebu tuanze na kutu, kwa sababu hili ni somo lake mwenyewe. Bodi ya Do 27 ni alumini. Alumini ikikutana na hewa hujifunika tabaka jembamba sana la oksidi, ambalo hulinda chuma kilichopo chini yake, na halina rangi ya kahawia hata kidogo. Rangi ikibanduka, unachokiona ni kijivu chenye mng'ao hafifu. Kutu ya kahawia inatoka kwenye chuma cha kawaida, kwa mfano bomba la moshi au bolti. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuliza kwa nini bawa la alumini lina kutu, mwalimu atajibu nini?

Michubuko nayo ina hesabu yake. Doa la milimita 1 kwenye mfano huu ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Nimehesabu madoa kumi na moja ya ukubwa huo kwenye ukingo wa mbele wa bawa, yaani ndege ingekuwa imemenywa kama muwa. Kilichohitajika ni vidoa vya ncha ya sindano, tena mahali penye sababu. Do 27 ina gurudumu dogo la nyuma, na mkia wake unakaa karibu na ardhi, kwa hiyo kokoto zinazorushwa na panga na magurudumu ya mbele zinaishia huko. Kwenye mfano wake mkia ndio sehemu safi kuliko zote!

Kupauka pia kuna mpangilio. Mionzi ya jua huvunja gundi inayoshikilia chembe za rangi, mng'ao unapotea kwanza, halafu nyeusi inaanza kuelekea kijivu. Juu ya bawa panaumia zaidi kuliko ubavuni, na chini ya bawa karibu hapaumii. Yeye amepausha kote sawasawa, kama kitenge kilichofuliwa kwa jiki.

Sasa vumbi. Hapa ndipo niliposikitika kidogo. Nilimuuliza kwa nini jekundu, akasema kaiga picha za wajenzi wa Ulaya, ambao ndege yoyote ya Afrika huipaka wekundu uleule. Wao nawaelewa, hawajafika. Lakini sisi? Mwalimu huyu anatembea kila siku juu ya udongo wa mbuga, mweusi ukilowa, na kiangazi vumbi lake linakuwa kijivu. Fizikia yake ni tamu: maji yakijaza nafasi kati ya chembe, mwanga unapenya ndani zaidi na kumezwa, yakikauka, mwanga mwingi zaidi unarudi machoni. Wasukuma wana majina ya aina za udongo, luseni ule wa kichanga, kikungu ule mwekundu, na kadhalika, kwa hiyo wekundu upo, ila kwa sehemu. Na kwenye mbuga za nyasi fupi kusini-mashariki mwa Serengeti, udongo umetokana na majivu ya volkano, nao ni wa kijivu. Hilo ndilo vumbi la kuliweka chini ya mabawa na kwenye ubavu, na lionekane zaidi kwenye milia myeusi kuliko kwenye myeupe.

Kuna kitu kimoja alichopatia kabisa: moshi. Kutoka kwenye bomba ametoa mkanda mwembamba wa kijivu badala ya masizi meusi tii. Petroli ya ndege ya enzi zile ilikuwa na risasi, na mabaki yake huacha utando wa kijivu hafifu. Aliliwaza hili, na linaonekana. Mfano wote ungefanywa kwa akili ileile, nisingekuwa na la kusema.

Swali nililomwachia ni hili: hii ni ndege ya mwezi gani? Ya Agosti, kiangazi kikali, au ya Januari, wakati nyumbu wako kwenye nyasi mbichi na magurudumu yana matope kuliko vumbi? Hajachagua, ndiyo maana kaweka kila kitu.

Bahati nzuri alikuwa hajapaka vanishi. Jana usiku kanitumia picha: bawa la kushoto limeshafutwa, na pembeni kuna kikombe cha maji na kifungu cha pamba iliyogeuka nyekundu.