Jadi ya Mtumwa binti Saad: Nasaba na Ukimya katika Wasifu wa Shaaban Robert

Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, aghalabu umesomwa shuleni na vyuoni kama kitabu cha maadili: mwanamke fukara anajitahidi, anavumilia dhihaka, anapata heshima. Usomaji huo una msingi katika matini yenyewe, kwani Shaaban Robert hakuficha nia yake ya kufundisha. Hata hivyo umeliacha pembeni swali la jadi. Makala haya yanadai kwamba nasaba ya Siti ndiyo fundo la wasifu huo, na kwamba mwandishi analigusa fundo hilo kwa ncha ya kidole tu.

Mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880 aliitwa Mtumwa. Kisarufi, jina hili latokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa, na ndugu yake wa karibu ni mtume. Jina peke yake si ushahidi wa hali ya mtu. Pwani limechukuliwa hata na watu wasio na historia ya utumwa. Lakini lazima lisomwe pamoja na tarehe. Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje yake hadi mwaka 1909. Mtumwa binti Saad, basi, alikuwa msichana wa makamo ya kuolewa wakati sheria ilipoanza kuwatambua watu wa aina yake kuwa huru, tena kwa sharti la kwenda wenyewe kudai uhuru huo mbele ya mahakama.

Wazazi wake wanatajwa kwa asili: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Hapa neno asili linafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika Unguja ya karne ya 19, Unyamwezi na Uzigua hayakuwa makabila tu, yalikuwa pia majina ya njia za misafara. Kumtaja mtu kwa kabila la bara ni kutoa nusu ya habari kwa adabu na kuificha nusu ya pili: nani alimleta, nani alimnunua, shamba la nani alililima. Msomaji wa Rangwe au Ndhiwa atauona upungufu huo upesi. Katika jamii ya Waluo mke huitwa nyar, yaani binti wa mahali fulani, na kwa jina hilo kwao alikozaliwa hakufutiki hata akizeeka ugenini. Mjakazi wa pwani alinyang'anywa hasa hilo. Hakuwa binti wa mahali. Alikuwa wa bwana fulani. Kwa mtazamo huu, maneno mawili binti Saad ni dai zito, kwani yanamrudishia mwanamke baba.

Wapinzani wake walilielewa jambo hili vizuri kuliko wahakiki wengi. Utungo wa dhihaka ulioenea mjini ulihoji amekuwa mtu tangu lini, ukamkumbusha kaniki aliyoingia nayo. Kaniki ilikuwa vazi la mafukara na la watumwa. Shabaha ya tusi ni jadi kabla ya kuwa umaskini. Naye katika jibu lake hakujitafutia nasaba ya kuazima, ingawa katika miaka hiyo wengi walikuwa wakijibadilishia kabila. Aliukana uzito wa sura na wa ukoo kwa pamoja, akaweka akili mahali pake. Shaaban Robert anauona ushindi wa tabia njema katika jibu hilo. Ni sahihi, lakini ni nusu tu ya ukweli: jibu hilo linapinga pia ngazi nzima ya uungwana, na katika ukurasa wa mwalimu wa maadili upinzani huo unakuwa subira.

Si haki kumlaumu mwandishi kwa hili pekee. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), alikuwa ameandika utumwa waziwazi, ila kwa shukrani nyingi kwa Waingereza, na ukoo anaoufuata ni wa baba. Lugha ya kumwandika mjakazi kama chanzo cha ukoo haikuwa imepata mahali katika kitabu cha Kiswahili. Ilianza kusikika wanawake wenyewe walipohojiwa. Katika Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa wa Mombasa, anasimulia maisha yake jirani na Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyetoka katika ukoo wenye watumwa. Simulizi hizo mbili zikisomwa pamoja, pengo la Wasifu linaonekana: Siti anasimuliwa, hasimulii.

Au tuseme husimulia kwingine. Sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 ni matini pia, na mhakiki wa fasihi hana udhuru wa kuwaachia wanamuziki peke yao. Katika wimbo wa Kijiti, mwanamke mgeni anauawa, muuaji anatorokea bara, na sheria ya wakoloni inawaangukia wanawake walioshuhudia. Marehemu hana jamaa wa kumsemea mjini. Anayemsemea ni mwimbaji aliyezaliwa na jina la Mtumwa, na katika wimbo huo hakuna subira.

Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude aliziimba nyimbo zake hadi karibu na kifo chake mwenyewe mwaka 2013, na chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita gazeti lake Sauti ya Siti. Warithi hao hawakuunganishwa naye kwa damu, wala hawakuhitaji kuonyesha nasaba.