"Jinsia" au Ngeli? Hoja juu ya Istilahi ya Sarufi ya Kijerumani

Wafundishapo Kijerumani kwa Kiswahili, walimu wengi huyagawa majina yake katika "jinsia" tatu. Istilahi hiyo hatuikubali. Kijiko (der Löffel) huwa mwanamume, uma (die Gabel) huwa mwanamke, na msichana (das Mädchen) hukosa yote mawili! Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya atacheka, kisha atatafuta maana pasipo na maana.

Mwanafunzi huyo anazo ngeli tangu utotoni. Mnyakyusa asemaye umundu, na kwa wingi abandu, haulizi sababu; hupatanisha maneno, basi. Hata Mädchen hueleweka: kiishio -chen cha udogo ndicho kiletacho das, kama vile mtoto akiitwa kitoto husemwa kitoto kinalia. Tena tazama shule na hela tulizoachiwa na Wajerumani. Die Schule na der Heller, sarafu iliyoingia koloni mwaka 1904, zimo katika ngeli moja: shule hii, hela hii. Jinsia zao zilibaki kwao.

Kweli, ngeli zetu hubainisha pia umoja na wingi, hali Kijerumani hutumia die kwa wingi wote. Tofauti hiyo mwalimu na aieleze mapema.